Eurovision, Sanremo, Melodifestivalen, Intervision: ukeshe kwa lipi?

Anayetaka nyimbo tu hana sababu ya kukesha. Kesho yake asubuhi zote ziko YouTube, kila moja na video yake, na isiyokupendeza unairuka. Kinachomkalisha mtu mbele ya runinga mpaka saa nane za usiku ni kura: nani kampa nani, nani kanyimwa, na aliyeongoza tangu mwanzo anaangushwaje dakika ya mwisho. Ndiyo maana nikiulizwa na Waswahili wenzangu, wawe Mombasa au Malmö, waanze na lipi kati ya mashindano haya ya nyimbo ya televisheni, siwaulizi wanapenda muziki gani. Nawauliza wangependa kalamu ya pointi ashike nani: majaji, watazamaji, au wote wawili huku wakivutana.

Nalinganisha manne. Eurovision ndiyo kubwa, nchi kwa nchi. Sanremo ni ya Waitalia peke yao, lakini ndiyo iliyoizaa Eurovision, na mpaka leo Italia humpata mwakilishi wake hapo. Melodifestivalen ni mchujo wa Uswidi wa kumpata mwakilishi wake Eurovision, ila umekua hadi ukawa sherehe inayojitegemea. Intervision ni ya Urusi na marafiki zake. Imefufuliwa 2025 na Kenya ilikuwamo. Kuna pia Eurovision ya watoto, ambayo nitaigusa tu.

Eurovision

Ilianza Lugano, Uswisi, tarehe 24 Mei 1956. Nchi zilikuwa 7, kila moja na nyimbo mbili. Majaji walipiga kura faraghani, wenyeji Uswisi wakatangazwa washindi kupitia mwimbaji Lys Assia, na pointi zenyewe hazijawahi kutolewa mpaka leo. Watu wameketi, wamesikiliza nyimbo 14, wakaambiwa mshindi ni huyu, nendeni mkalale. Mwaka uliofuata, kule Frankfurt, pointi zikaandikwa ubaoni kila mtu akiziona, na kwa maoni yangu hapo ndipo Eurovision tunayoijua ilipozaliwa.

Hesabu ya leo iko hivi. Kila nchi inaupa pointi 12 wimbo iliouweka wa kwanza, wa pili unapata 10, kisha 8, 7, 6, kushuka hadi 1. Utaratibu huo ni wa tangu 1975. Hakuna nchi inayoruhusiwa kujipigia kura. Katika fainali kila nchi inatoa mafurushi mawili ya pointi: moja la majaji, ambao ni watu wa muziki, na moja la watazamaji waliopiga simu, waliotuma ujumbe au waliobofya kwenye programu. La majaji linasomwa kwanza, nchi moja baada ya nyingine, kila mji mkuu ukiwa na mtangazaji wake aliyepambwa, anayetabasamu sana na kuvuta maneno kwa makusudi. Kama umewahi kukesha na redio ukisikiliza matokeo ya uchaguzi yakiingia jimbo baada ya jimbo, hali hiyo unaijua.

Uhondo wenyewe unakuja baadaye. Tangu 2016 pointi za watazamaji zinajumlishwa zote na kusomwa mwishoni, na tangu 2019 zinasomwa kwa kufuata msimamo wa majaji, kuanzia aliyeburuza mkia hadi aliyeongoza. Kipenzi cha majaji anakuwa wa mwisho kuijua hatima yake, na anaijua kamera ikiwa usoni pake.

Chukua Basel, tarehe 17 Mei 2025. Majaji walipomaliza, JJ wa Austria, kijana mwenye sauti ya opera ya juu kabisa, alikuwa kileleni na 258. Uswisi, wenyeji, walikuwa wa pili na 214. Zikaanza kusomwa za watazamaji. Uingereza ilikuwa na 88 za majaji. Watazamaji wa nchi zote wakaipa sifuri. Israel ilikuwa na 60. Watazamaji wakaipa 297, ikaruka hadi juu na jumla ya 357. Wengine wakaendelea kusomwa, hakuna aliyeifikia. Ikaja zamu ya Uswisi, ndani ya ukumbi uliojaa Waswisi wenye bendera. Sifuri. Zoë Më, wa pili kwa majaji, alitoka kapa kwa watazamaji akiwa nyumbani kwao, na akaishia nafasi ya 10. Akabaki JJ peke yake, akihitaji 100 ili apite. Wakamsomea 178. Jumla 436, na Austria ikachukua kombe.

Katika dakika zote hizo hakuna aliyeimba hata ubeti mmoja.

Kabla hujachagua wa kumshangilia, jua hili: 2023, 2024 na 2025, miaka mitatu mfululizo, wimbo uliopendwa zaidi na watazamaji haukushinda. Huko Liverpool 2023, Käärijä wa Finland, yule wa kikoti cha kijani chenye mikono iliyofura, alipewa 376 na watazamaji, Loreen wa Uswidi akapewa 243. Lakini majaji walikuwa wameshampa Loreen 340, na Käärijä 150. Ukumbi mzima ulikuwa ukiimba kiitikio cha Käärijä huku majaji wakiendelea kummiminia Loreen pointi. Watangazaji ilibidi wangoje kelele zipungue. Mwaka uliofuata, Malmö, Baby Lasagna wa Kroatia aliongoza kwa watazamaji na 337, kombe likaenda kwa Nemo wa Uswisi. Mara ya mwisho wananchi kuwazidi nguvu majaji kabla ya hapo ilikuwa Turin 2022: Ukraine ilikuwa ya nne kwa majaji, watazamaji wakaipa 439 kati ya 468 zilizowezekana, mchezo ukaisha.

Kwa hiyo kama moyo wako hauvumilii kuona chaguo la wengi likipigwa chini na watu wachache waliokaa chumbani, Eurovision itakukera. Mimi nakereka kila mwaka na kila mwaka narudi, kwa sababu huo mvutano hauko kwingine kwa kiwango hicho.

Siasa nazo zimo, asikudanganye mtu. Cyprus na Ugiriki hupeana 12 kama salamu za Idi. Urusi ilifukuzwa Februari 2022, siku moja baada ya kuivamia Ukraine. Baada ya Basel ikaja vurumai juu ya kura nyingi za watazamaji kwa Israel na juu ya Israel kuwamo kabisa wakati wa vita vya Gaza. Hispania, Ireland, Uholanzi, Slovenia na Iceland zikatangaza kutoshiriki Vienna 2026. Waandaaji, yaani Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, wakabadili kanuni: mtazamaji aliyekuwa anaruhusiwa kura 20 sasa ana 10, majaji wakaongezwa kutoka 5 hadi 7 kwa kila nchi, na wakarudishwa kwenye nusu fainali ambako walikuwa wameondolewa tangu 2023.

Kuhusu muziki wenyewe, usitarajie bendi. Wimbo hauzidi dakika 3, jukwaani hawazidi watu 6, na ala zote zimerekodiwa. Okestra ilipigwa kwa mara ya mwisho Birmingham 1998. Mwimbaji mkuu lazima aimbe kwa sauti yake pale pale, lakini tangu 2021 hata waitikiaji wanaweza kuwa kwenye rekodi. Pesa nyingi zinakwenda kwenye taa, moshi na skrini. Kuna miaka unaona jukwaa zuri kuliko wimbo.

Sasa, sisi tunaingia wapi? Afrika imeshiriki mara moja tu: Morocco, 1980, ikimtuma Samira Bensaid, ambaye alipata pointi 7 na kuwa wa 18 kati ya 19. Haikurudi tena. Lakini tangu 2023 mtu yeyote katika nchi isiyoshiriki anaweza kupiga kura kwa intaneti, akiwa na kadi ya benki, maana si bure. Kura zote za sisi wa nje, Dar es Salaam mpaka Lima, zinatiwa kapu moja linaloitwa Dunia Iliyobaki, na uzito wake ni sawa na wa watazamaji wa Malta. Ni kidogo, lakini zinasomwa.

Na Kiswahili kimewahi kupanda lile jukwaa. Februari 2011 Wanorwe walimchagua Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyehamia Norway na familia yake akiwa mtoto, na wimbo wake Haba Haba, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, juu ya bibi anayemwusia mjukuu wake kwa methali ambayo sote tunajua inavyomalizika. Norway nzima iliuimba, ukashika namba moja kwenye chati zao. Mei wakaenda Düsseldorf. Alipangwa wa pili katika nusu fainali ya kwanza, watu hata hawajatulia vitini, na nyimbo nyingine 17 zikaja baada yake. Akamaliza wa 17 kati ya 19. Haba na haba, kibaba hakikujaa. Mimi sikubaliani na wanaosema wimbo ulikuwa mwepesi. Ulikuwa wa kuitikiwa na umati, na kupangwa mapema namna ile kuliuua.

Hapo kuna chaguo dogo ndani ya Eurovision yenyewe: nusu fainali au fainali? Nusu fainali ni Jumanne na Alhamisi, inaanza saa nne usiku kwa saa za Afrika Mashariki na inaisha kama saa sita. Hakuna pointi zinazosomwa. Wanatajwa kumi waliofuzu, bila mpangilio, waliobaki wanayaaga mashindano, basi. Ni kali na fupi, na vituko vingi vinaishia hapo hapo bila kutinga fainali. Mwenye kazi asubuhi atosheke na hizo. Fainali ni Jumamosi, saa nne usiku mpaka saa nane na dakika zake. Kwa nchi zisizo na kituo kinachoonyesha, mara nyingi inapatikana mubashara kwenye chaneli yao ya YouTube.

Sanremo

Kama wewe ni mtu wa ala na sauti, mtu anayeudhika akiona mpiga ngoma anapiga hewa, acha Eurovision nenda Sanremo. Tamasha hili lilianza 1951, miaka mitano kabla ya Lugano, katika kasino ya mji huo mdogo wa pwani karibu na mpaka wa Ufaransa. Mwaka ule nyimbo zilikuwa 20 na walioziimba zote walikuwa Nilla Pizzi, Achille Togliani na kundi moja la waimbaji wawili, Duo Fasano. Nilla Pizzi akashinda, na hakuna aliyeshangaa. Tangu 1977 linafanyika katika ukumbi wa Ariston, ambao kwenye runinga unaonekana mkubwa lakini kwa kweli ni ukumbi wa sinema wenye viti kama elfu mbili.

Okestra ipo, hai, kila usiku. Kabla ya kila wimbo mtangazaji anataja waliouandika na anayeongoza okestra, kiongozi anasimama, anainamisha kichwa, ndipo nyuzi zinaanza. Mwimbaji akimaliza anakabidhiwa shada la maua, maana mji wenyewe unaishi kwa kilimo cha maua. Hata rapa mwenye michoro mpaka shingoni anaondoka na shada lake mkononi. Nyimbo ni za Kiitalia au lahaja zake, na nyingi zina mwanzo, kilele na mwisho, tofauti na zile za dakika tatu zinazokimbilia kiitikio.

Ubaya wake ni urefu. Ni usiku tano mfululizo, Jumanne hadi Jumamosi, kila Februari. Kwetu inaanza kama saa tano kasorobo usiku, na usiku wa fainali huvuka saa tisa. Katikati kuna matangazo, wageni, vichekesho na mazungumzo ya Kiitalia yasiyokwisha. Asiyejua lugha hiyo atachoka usiku wa kwanza. Ushauri wangu: tazama Ijumaa peke yake. Ijumaa ndio usiku wa kuimba nyimbo za zamani za wengine, kila mshiriki na mgeni wake, na hapo hata asiyejua neno moja anaona nani ana koo na nani anabebwa na studio.

Kura je? Zinagawanywa mafungu matatu: watazamaji, waandishi wa habari walioko Sanremo, na majaji wa redio. Hakuna bendera, kwa hiyo ungedhani hakuna kubebana. Muulize Geolier. Huyu ni rapa wa Napoli, anaimba kwa lahaja ya kwao. Mwaka 2024 alishinda ule usiku wa Ijumaa na ukumbi ukamzomea, watu wakidai Wanapoli wamejazana kwenye simu. Kesho yake, katika wale watano wa mwisho, alipata kama asilimia 60 ya kura za watazamaji, na bado akashindwa na Angelina Mango, kwa sababu waandishi na redio walikuwa upande mwingine. Ile hadithi ya Eurovision, ila safari hii ndani ya nchi moja.

Mshindi wa Sanremo ana haki ya kwenda Eurovision, si lazima. Olly, aliyeshinda 2025, alikataa. Akaenda aliyemfuata, Lucio Corsi, akawa wa tano huko Basel. Mahmood, ambaye baba yake ni Mmisri, alishinda Sanremo 2019 na akawa wa pili Ulaya mwaka huo huo. Måneskin, bendi ya roki, walishinda yote mawili 2021. Ukitaka kumjua mapema mtu atakayesumbua mwezi wa Mei, Sanremo ndiyo chimbo.

Melodifestivalen

Hii ndiyo ninayowapa wenye watoto, na Waswahili walioko Stockholm, Göteborg na kwingine huko hawana haja ya kushawishiwa. Watoto wao wanarudi nayo kutoka shuleni. Ni Jumamosi sita, Februari mpaka Machi, michujo ikizunguka miji mbalimbali na fainali ikiishia Stockholm. Inaanza saa mbili usiku za Uswidi, kwetu saa nne, na mchujo mmoja ni saa moja na nusu. Unaona nyimbo sita hivi, unacheka kidogo, unalala.

Upigaji kura wake ndio uliobuniwa vizuri kuliko wote hapa, na nasema hivyo nikijua mashabiki wa Eurovision watanuna. Watazamaji wanabofya mioyo kwenye programu ya simu, bure, na wanagawanywa kwa umri: kundi la miaka 3 mpaka 9, 10 mpaka 15, na kuendelea hadi kundi la 75 na zaidi. Kuna makundi saba ya namna hiyo, na la nane ni la wanaopiga simu. Kila kundi linatoa 12, 10, 8 zake kama vile ni nchi. Kwa hiyo mtoto wa chekechea na bibi wa miaka 80 wana uzito mmoja, na unaona waziwazi vijana wanapotofautiana na wazee. Kwenye fainali nusu ya pointi inatoka kwa majaji wa nchi za nje, ili Waswidi wajue mapema wenzao wataupokeaje wimbo.

Udhaifu wake ni usafi. Kila kitu kimepangwa, kimepigwa pasi, na kwa miaka mingi nyimbo nyingi zilikuwa za Kiingereza zinazofanana. Ndipo ukaja mwaka 2025. KAJ, vijana watatu kutoka Vörå, sehemu ya Finland inayozungumza Kiswidi, walikuja na wimbo wa mzaha juu ya kuoga mvuke, kwa lahaja ya kijijini kwao, wakambwaga Måns Zelmerlöw, bingwa wa Eurovision wa 2015. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Kiswidi kutumwa na Uswidi tangu 1998, na ukawa wa nne Basel. Mwenye kutafuta sura ya kwetu atakumbuka pia kwamba Mohombi, mzaliwa wa Kinshasa, alishindana hapo 2019 na 2020.

Eurovision ya watoto, ambayo ilianza Copenhagen 2003 na ni ya umri wa miaka 9 hadi 14, nitaipita haraka. Inafanyika mwishoni mwa mwaka na inaisha mapema. Kura za intaneti ziko wazi kwa dunia nzima, na nchi inaweza kujipigia. Hapo mvutano unayeyuka: kila mzazi anampigia wa kwao. Watoto wataipenda, mtu mzima asiyekuwa na mtoto haimhusu.

Intervision

Hii ndiyo ngumu kuishauri, kwa sababu ndiyo pekee ambamo mmoja wetu alisimama kwa jina la nchi yake. Jina ni la zamani. Nchi za kambi ya Kisovyeti zilikuwa na Intervision yao Sopot, Poland, kati ya 1977 na 1980, ikafa. Urusi ilipofukuzwa Eurovision, serikali yake ikaifufua, na tarehe 20 Septemba 2025 ikafanyika karibu na Moscow. Kenya ilimtuma Sanaipei Tande. Afrika iliwakilishwa pia na Ethiopia, Misri, Afrika Kusini na Madagascar, na kulikuwa na Brazil, India, China, Cuba na Qatar. Marekani ilitakiwa kuwamo, ikaondoka saa za mwisho. Kwa upana wa dunia Eurovision haifui dafu hapo. Unasikia lugha ambazo huzipati kwenye jukwaa jingine lolote la namna hii, na saa za Moscow ni sawa na zetu, hukeshi sana.

Zawadi nayo ni tofauti kubwa. Mshindi wa Eurovision anapewa kombe la kioo lenye umbo la maikrofoni, basi. Zawadi ya Sanremo ni simba wa dhahabu na mtende wake. Đức Phúc wa Vietnam, aliyeshinda Intervision, aliahidiwa rubo milioni 30.

Lakini rudi kwenye lile swali la kalamu. Intervision haina kura ya watazamaji. Kila nchi ina jaji wake, na jaji ndiye mwanzo na mwisho. Mwimbaji wa Urusi, Shaman, alipomaliza aliwaomba majaji wasimpe pointi, eti Urusi imeshashinda kwa kuwa mwenyeji. Ni ukarimu uliopangwa, na kila mtu alijua. Pointi zikisomwa huna wa kumlaumu, huna jirani aliyekusaliti, huna simu uliyoipiga. Kwa mtu wa Nairobi aliyemtazama Sanaipei, raha iliishia alipotoka jukwaani. Nasema hivyo bila kuugusa ule upande wa serikali kuitumia kujitakasa wakati wa vita, jambo ambalo kila mtu ataamua mwenyewe kama linamzuia kutazama. Saudia imetajwa kuwa mwenyeji anayefuata. Wakiweka kura ya watazamaji, nitabadili maoni. Waafrika Mashariki kwenye simu si watu wa kuwadharau.

Kama una usiku mmoja tu

Mpenzi wa ala, Ijumaa ya Sanremo. Mwenye watoto, Jumamosi yoyote ya Melodifestivalen. Anayetaka kumwona mtu wa kwao, aitafute video ya Sanaipei na ya Stella, dakika tatu tatu, bila kukesha. Waliobaki wote nawapeleka fainali ya Eurovision, ila kwa njia ambayo mashabiki wa kweli watanilaani kwayo: zirukeni nyimbo. Kwa saa za Afrika Mashariki nyimbo 26 hivi zinamalizika kati ya saa sita na saa saba usiku, kisha kuna burudani ya kujaza muda wakati kura zinahakikiwa. Lala mapema, tega kengele ya saa saba kasorobo. Kwenye muhtasari watakuonyesha kipande cha kila wimbo, sekunde chache kila mmoja, na hizo zinatosha kupata wa kumshabikia. Chukua kalamu na karatasi, andika majina ya nchi, acha safu mbili: ya majaji na ya watazamaji. Ile ya majaji ikijaa, mtafute anayeongoza na uhesabu anahitaji ngapi, kabla watangazaji hawajakuhesabia.